Papai, nanasi, kiwi au tini: kimeng'enya kipi kwa kazi ipi?

Niliwahi kulaza vipande vya nyama ngumu usiku kucha kwenye maji ya nanasi, nikiamini kwamba kama saa moja inalainisha, saa kumi zitalainisha mara kumi. Asubuhi uma ulizama kama kwenye uji, lakini kwa milimita chache tu. Chini ya huo uji nyama ilikuwa ngumu vilevile kama nilivyoiacha. Kikaango hakikuiokoa. Tangu hapo, mtu akiniuliza tunda gani linalainisha nyama, humrudishia swali: nyama gani, utaipika vipi, na una muda gani?

Wenye swali hilo si wapishi peke yao. Kuna ambaye ulimi humwasha kila alapo nanasi, ambaye jeli yake imekataa kuganda, anayesumbuliwa na choo kigumu, na aliyeshika kopo la vidonge vya "vimeng'enya vya matunda" akijiuliza kama avinunue. Wote wanazungukia kundi moja la vimeng'enya, na matunda manne yanayosifika kwavyo hayafanani kama yanavyosimuliwa.

Tunalinganisha nini hasa

Kimeng'enya ni protini inayoharakisha badiliko la kikemia bila yenyewe kuisha. Kila tunda limejaa vimeng'enya. Ndizi hupata utamu inapoiva kwa sababu amilesi na wenzake wamegeuza wanga kuwa sukari. Tufaha lililokatwa hugeuka kahawia polifenoli oksidesi ikikutana na hewa. Pektinesi nazo hulegeza tunda linapoiva. Hivyo vyote vinalitumikia tunda lenyewe, wala havina shughuli na kipande cha nyama.

Vinavyotuhusu hapa ni vile vinavyokata protini: papaini ya papai, bromelaini ya nanasi, aktinidini ya kiwi na fisini ya tini. Ni ukoo mmoja. Vyote vinne hukata mnyororo wa protini kwa msaada wa sisteini, asidi amino yenye salfa, ambayo ndiyo makali ya kisu chao. Mmea haukuvitengeneza kwa ajili ya mapishi yetu: utomvu wa mpapai huwadhuru viwavi wanaotafuna majani yake, na papaini ni sehemu ya silaha hiyo.

Limau na siki nimeviacha nje makusudi. Asidi huvuruga umbo la protini lakini haiikati vipandevipande, kwa hiyo nyama iliyolazwa kwenye limau na iliyolazwa kwenye papai bichi zimepitia mambo mawili tofauti, hata kama zote zimelala kwenye bakuli.

Kila tunda nitalipima kwa mambo yaleyale: kimeng'enya kimekaa wapi na hupungua lini, kinafanya nini jikoni, hasa joto likipanda, kuna nini cha kuaminika kuhusu mwili na tiba, hatari zake, na kinamfaa nani.

Kwanza, yanayoyahusu yote manne

Jelatini, ile inayogandisha jeli, ni protini, hivyo tunda lolote kati ya haya likiwekwa humo bila kupikwa litaikata na jeli itabaki maji. Dawa ni kuchemsha tunda kwanza, au kutumia la kopo, kwa sababu joto la kusindika limeshaua kimeng'enya. Ukitumia agari, kigandishi kinachotokana na mwani, badala ya jelatini hakuna tatizo kabisa: agari ni kabohaidreti na visu hivi havina cha kukata. Kugandisha tunda kwenye friza hakusaidii. Baridi hukilaza kimeng'enya, na barafu ikiyeyuka kinaamka.

Kwenye nyama, vyote hufanya kazi juujuu. Havipenyi mbali, ndiyo maana kuongeza muda huharibu nje bila kufikia ndani. Nyama iliyokatwa vipande vyembamba, au iliyochomwachomwa kwa uma, hunufaika zaidi kuliko bonge zima. Tena sehemu kubwa ya kazi haifanyiki bakulini bali wakati nyama inapashwa moto, pale joto linapopita kiwango ambacho kimeng'enya kinakipenda kabla ya kukiua. Samaki na kamba wana nyuzi laini. Dakika chache zinawatosha, na mara nyingi hawahitaji hata hizo.

Jambo la mwisho la pamoja ni mzio. Mtu mwenye mzio wa mpira wa asili, ule wa glavu na puto, anaweza kupata mzio wa baadhi ya matunda pia, na papai, kiwi na tini yamo kwenye orodha. Midomo ikiwasha au koo likikaza baada ya kula mojawapo, usijaribu jingine kwa udadisi. Mwone daktari.

Papai

*Kilipo.* Kwenye utomvu mweupe wa papai bichi. Linapoiva utomvu hupungua, na papai bivu la kula kwa kijiko huwa limebaki na papaini kidogo. Watu wengi hukosea hapa: wanaponda papai bivu, wanapaka nyama, hawaoni tofauti, kisha wanasema papai ni hadithi. Papaini ya viwandani hupatikana kwa kuchanja ganda la papai bichi likiwa bado juu ya mti, kukinga utomvu na kuukausha uwe unga. Unga wa kulainishia nyama mara nyingi ni papaini hiyo ikiwa imechanganywa na chumvi.

*Jikoni.* Papaini inavumilia joto kuliko kawaida ya vimeng'enya. Hufanya kazi kwa nguvu karibu nyuzi 65 za Selsiasi, na huanza kufa vizuri joto likipita 80. Maana yake ni kwamba nyama inayopikwa polepole kwa moto mdogo hukaa muda mrefu kwenye eneo ambalo papaini inafurahia, na inaweza kusagika. Ile inayochomwa kwa moto mkali hupita eneo hilo haraka. Faida nyingine ni ladha. Papai bichi halina sukari nyingi wala uchachu, kwa hiyo halibadilishi mchuzi wako. Nje ya jikoni, watengenezaji bia wametumia papaini kuzuia ukungu unaojitokeza bia ikipozwa, maana ukungu huo una protini ndani yake.

*Mwilini na kwenye tiba.* Papaini ina historia ndefu ya maabara kuliko wenzake. Mwingereza Rodney Porter aliitumia kukata kingamwili vipande vitatu, viwili vinavyoshika adui na kimoja kinachobaki kama mpini, na kazi hiyo ndiyo iliyochangia yeye na Gerald Edelman kupewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1972. Kwenye tiba safari imekuwa na mashimo. Kimopapaini, ndugu yake kutoka utomvu uleule, iliidhinishwa Marekani mwaka 1982 kuchomwa kwenye diski ya uti wa mgongo iliyochomoza. Ilisaidia baadhi ya wagonjwa lakini wengine walipata mshtuko mkali wa mzio, na matumizi yake yakaisha. Papaini ya kupaka kwenye vidonda nayo iliagizwa kuondolewa sokoni huko Marekani mwaka 2008, kwa kuwa haikuwa imeidhinishwa na kulikuwa na taarifa za madhara. Kuhusu tumbo kujaa baada ya kula, watu wengi huapa kwa vidonge vya papai; ushahidi wenyewe ni mwembamba.

*Hatari.* Mjamzito aepuke papai bichi, kwa sababu utomvu wake umeonekana kusababisha misuli ya mji wa mimba ya panya kubana. Papai lililoiva vizuri halina tatizo hilo. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asianze vidonge vya papaini bila kumwambia daktari. Unga wa papaini ukivutwa puani mara kwa mara huleta pumu, jambo lililoonekana kwa wafanyakazi wa viwanda. Kisha kuna kosa la kale la kumnywesha papaini mtu aliyekwamwa na nyama kooni: kimeng'enya hakijui mpaka kati ya nyama iliyokwama na umio wenyewe, na umio umewahi kutoboka. Aliyekwamwa apelekwe hospitali.

*Kinamfaa nani.* Mwenye nyama ngumu kweli, anayetaka nguvu bila kubadili ladha, na anayeweza kuhesabu dakika. Hakimfai anayetaka kupaka na kusahau.

Nanasi

*Kilipo.* Kwenye tunda na kwenye shina, lakini shina lina zaidi. Vidonge vya bromelaini kwa kawaida hutokana na mashina yanayobaki shambani baada ya mavuno, si na tunda unalokula. Nanasi lina fadhila ambayo papai halina: hata likiwa limeiva bado kimeng'enya kipo, pamoja na kwenye kiini kigumu cha katikati ambacho wengi hukitupa. La kopo halina, na juisi iliyochemshwa kiwandani vilevile. Mkemia wa Venezuela, Vicente Marcano, alikitambua kwenye maji ya nanasi mwaka 1891, hivyo si ugunduzi wa matangazo ya juzi.

*Jikoni.* Bromelaini hupenda nyuzi 50 hadi 60, ikizidi hapo inadhoofika mapema kuliko papaini. Ni nzuri kwa nyama ya kuchomwa au kukaangwa kwa sababu sukari ya nanasi hukoleza rangi nje. Ila sukari hiyohiyo huungua haraka, na ladha ya nanasi haijifichi. Kwa vipande vya ukubwa wa kidole, nusu saa inatosha. Mimi sipiti saa moja tena. Ukichanganya nanasi lisilopikwa na maziwa, yanywe papo hapo; yakikaa, protini za maziwa hukatwakatwa na kinywaji kinakuwa chungu.

*Mwilini na kwenye tiba.* Muwasho wa ulimi si ndoto. Bromelaini inakata protini za juu ya ngozi laini ya kinywa, asidi inaingia pale palipochubuka, na sindano ndogo za kalisi oksaleti zilizomo kwenye nanasi zinaongeza mchomo. Ngozi hiyo hujijenga upya haraka, kwa hiyo ni kero, si jeraha. Kwenye tiba, nanasi ndilo lenye mafanikio yaliyo wazi zaidi: dawa inayotokana na bromelaini ya kuondoa tishu iliyokufa kwenye majeraha makubwa ya moto iliidhinishwa Umoja wa Ulaya mwaka 2012 na Marekani mwaka 2022. Lakini hiyo ni dawa iliyosafishwa, inayopakwa na wataalamu kwenye wodi. Kubandika kipande cha nanasi juu ya kidonda nyumbani ni kukaribisha vijidudu. Vidonge vya bromelaini kwa uvimbe baada ya upasuaji wa pua au jino, au kwa maumivu ya viungo, vimechunguzwa mara nyingi. Matokeo yanapingana na siwezi kukuahidi kitu.

*Hatari.* Bromelaini nyingi ya vidonge huweza kuharisha na kuchafua tumbo, na tahadhari ya dawa za kuzuia damu kuganda ni ileile. Ukisubiri upasuaji, mtajie daktari kila kidonge unachomeza, hata kile kilichoandikwa "asilia".

*Kinamfaa nani.* Asiyekuwa na papai bichi, anayependa ladha tamu na chachu kwenye nyama, na anayetaka tunda linalofanya kazi likiwa limeiva.

Kiwi

*Kilipo.* Kwenye nyama ya tunda la kijani. Aina nyingi za kiwi ya njano zina aktinidini kidogo mno, kiasi kwamba kwa shughuli hii ni kama tunda jingine. Tofauti hiyo hutajwa mara chache, na ndiyo inayowafanya watu wawili wafuate maelezo yaleyale wapate matokeo mawili.

*Jikoni.* Ni mpole kati ya wanne, na upole huo ndio sifa yake. Nyama iliyopakwa kiwi hulainika bila kugeuka uji haraka, na aktinidini huzimika joto likikaribia nyuzi 60 kwa dakika chache, mapema kuliko papaini. Ladha yake nayo ni nyepesi kuliko ya nanasi. Adui wake ni maziwa na mtindi: vikikaa pamoja vinachachuka na kuwa vichungu, kwa hiyo kata kiwi mwishoni, juu ya bakuli, dakika ya kula.

*Mwilini na kwenye tiba.* Hapa kiwi inawazidi wengine kwa mtu anayekula tunda zima. Utafiti wa maabara na wa wanyama umeonyesha kwamba aktinidini husaidia baadhi ya protini za nyama, maziwa na maharage kumeng'enywa haraka tumboni, pamoja na pepsini, kimeng'enya cha tumbo lenyewe. Na kwa choo kigumu, kula kiwi 2 za kijani kila siku kumejaribiwa kwa watu na kuleta nafuu. Sifa hiyo siwezi kuipa aktinidini peke yake: nyuzinyuzi za kiwi huvimba sana zikishika maji, na huenda ndizo zinazofanya sehemu kubwa ya kazi. Kwa mgonjwa haidhuru nani apewe sifa. Kwa anayetaka kununua kidonge chenye aktinidini tupu, inadhuru.

*Hatari.* Mzio wa kiwi si wa nadra, na aktinidini yenyewe ni mojawapo ya vichochezi vikuu. Watoto wapewe kidogo kwanza.

*Kinamfaa nani.* Mpishi anayeanza, mwenye nyama isiyo ngumu sana, na mtu mzima mwenye tumbo zito ambaye angependa kula tunda kuliko kumeza dawa.

Tini

*Kilipo.* Kwenye utomvu mweupe unaotoka kwenye kikonyo na kwenye tini changa. Tini bivu lina kidogo, la kukaushwa ni la kula tu.

*Jikoni.* Tini lina kipaji ambacho wenzake wanakiigiza vibaya: kugandisha maziwa. Wagiriki wa kale waligandisha maziwa ya jibini kwa utomvu wa mtini, na bado njia hiyo inamfaa asiyetaka renneti ya tumbo la ndama. Matone machache tu. Yakizidi, au jibini ikikaa muda mrefu, fisini huendelea kukata na uchungu unajitokeza, ndiyo maana inafaa jibini laini ya kuliwa mapema kuliko ile ya kuhifadhiwa miezi. Kwenye nyama ina nguvu ya kutosha, lakini kuupata utomvu safi wa kutosha ni kazi, na papai bichi linafanya yaleyale kwa urahisi zaidi.

*Mwilini na kwenye tiba.* Fisini imejipatia nafasi mahali wengi hawapafikirii. Maabara za damu huitumia, pamoja na papaini, kukata baadhi ya protini za juu ya chembe nyekundu ili kingamwili fulani zionekane wazi mtu anapotafutiwa damu inayolingana naye. Kama chakula cha kusaidia mmeng'enyo, sina cha kusema zaidi ya nyuzinyuzi zake.

*Hatari.* Utomvu wa mtini ukigusa ngozi kisha jua likapiga huunguza, wakati mwingine hadi malengelenge. Anayesababisha si fisini bali kemikali nyingine zilizo kwenye utomvu huohuo, zinazoamshwa na mwanga. Vaa glavu, nawa mikono, na usivune ukiwa kifua wazi mchana.

*Kinamfaa nani.* Mtengeneza jibini nyumbani mwenye mtini karibu na subira ya kujaribu vipimo. Wengine waendelee kula tini kama tini.

Kulingana na hali yako

Nyama ni ya mnyama mzee na moto ni mkali: papai bichi lililosagwa, safu nyembamba, nusu saa hadi saa moja, kisha ifutwe kabla ya kupika. Kama utaipika polepole kwa saa nyingi, usiweke kimeng'enya chochote. Muda na unyevu vitageuza tishu ngumu kuwa jelatini bila msaada.

Nyama ni ya kawaida na huna uhakika wageni wanafika saa ngapi: kiwi ya kijani. Ukichelewa robo saa haitakuadhibu kama papai. Ukitaka na ladha ionekane, nanasi.

Unataka matunda ndani ya jeli: nanasi la kopo, au chemsha tunda lolote kati ya haya dakika chache kabla ya kuchanganya. Ukishikilia yasipikwe, badili jelatini kwa agari.

Unataka barakoa ya uso ya papai au nanasi: papaini na bromelaini hulegeza tabaka la ngozi iliyokufa, ndiyo maana ngozi hung'aa siku ile. Lakini jikoni huna namna ya kupima nguvu yake. Jaribu kwanza ndani ya mkono, usikae nayo zaidi ya dakika chache, na mwenye ukurutu aache kabisa.

Choo kigumu: kiwi 2 za kijani kwa siku, na maji, kwa wiki kadhaa kabla ya kuamua kama zinakufaa. Kikiambatana na damu au kupungua uzito, matunda yasubiri, hospitali kwanza.

Unataka vidonge: soma zaidi ya miligramu. Vidonge viwili vya miligramu sawa vinaweza kutofautiana sana kwa nguvu, kwa sababu kinachohesabika ni uwezo wa kukata. Bromelaini mara nyingi hupimwa kwa GDU, yaani ni kiasi gani cha jelatini inaweza kumeng'enya. Kopo lisilotaja kipimo cha namna hiyo linakuuzia uzito wa unga. Ukitaka kujua kama kimebaki na uhai, ponda kimoja, nyunyiza juu ya jeli iliyoganda, uiache mezani. Baada ya saa kadhaa, kama hakuna hata kashimo kenye maji, umepata jibu.